Ncha Saba za Taji

Jumatatu, 3 Machi

Babu Swichi anastaafu. Hatimaye!

Babu Swichi ndiye mkuu wa taa katika ukumbi wetu wa maigizo. Kwa miaka ishirini na mitatu ufunguo wa chumba cha taa umening'inia kiunoni mwake. Leo ametutangazia kwamba onyesho la kwanza la mchezo mpya, Ijumaa ya wiki ijayo, likimalizika tu, atauvua na kumkabidhi mrithi. Mrithi ni mimi. Sijaambiwa, lakini mambo mengine hayangoji kuambiwa. Miaka tisa nimebeba nyaya. Miaka tisa nimepanda ngazi ile inayoyumba. Nimekwisha nunua mkanda mdogo wa ngozi wa kuning'inizia ufunguo. Leo nimeuvaa chini ya shati, kuujaribu. Umenikaa vizuri.

Kasoro ni moja tu. Fundi Saa. Ana miezi mitatu hapa, mitatu! Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza saa za watu kwenye kibanda kando ya posta. Wateja wakapungua, Babu Swichi akamwonea huruma, akamleta kwetu. Ana vidole vyembamba, anaongea taratibu, na anamsalimia kila mtu hadi mfagiaji na kumuuliza hali ya mgonjwa wake. Simpendi. Nimejaribu kutafuta sababu nzuri ya kutompenda, bado natafuta.

Babu Swichi amesema ufunguo utakwenda kwa atakayempa Mwongozaji kivuli anachokitaka. Mchezo wenyewe unahusu mfalme ambaye watu wake wamekatazwa kumwona. Wanakijua kivuli chake tu. Kwa hiyo mfalme anasimama nyuma ya shuka kubwa jeupe, taa iko nyuma yake, na watazamaji wako upande wa pili wakitazama kivuli kikisema nao. Mwongozaji wetu ni mama ambaye siku za kazi hatabasamu. Amesema anataka kitu kimoja: akikaa safu ya mwisho kabisa, aweze kuzihesabu ncha za taji. Ziko saba.

Kazi ndogo. Kesho nammaliza Fundi Saa.

Jumanne, 4 Machi

Siku mbaya.

Nilianza mimi, kama mwenyeji. Nilifunga nyuma ya shuka ile taa yetu kubwa kuliko zote, ya kumulikia jukwaa zima, pana kama sinia la karamu. Nilijiambia mwanga mwingi, kivuli kingi. Nikaisogeza karibu kabisa na mgongo wa mfalme ili asipungukiwe. (Mfalme wetu mchana ni kinyozi. Alilalamika anaungua shingo. Nikamwambia ufalme una taabu zake.)

 Kisha Mwongozaji akauliza kutoka safu ya mwisho kwa nini mfalme amevaa kabichi.

Nilitoka kutazama. Kwa kweli lilikuwa kama kabichi. Ncha zote saba zilikuwa zimeyeyuka, kingo zina ukungu, hata mabega hayakujulikana yanaanzia wapi.

Fundi Saa akaomba ruhusa. Hakufunga taa yoyote ya maana. Alichukua balbu moja ya gari, ndogo kama punje ya hindi, akaiweka nyuma kabisa ukutani, hatua kumi na mbili kutoka kwenye shuka. Akamwomba kinyozi asogee mbele hadi taji likaribie kugusa kitambaa. Akawasha.

Ncha saba. Zimekatwa kama kwa wembe. Niliona hadi tundu la sikio la kinyozi. Mwongozaji alihesabu kwa sauti, moja mpaka saba, na alipofika saba akatabasamu. Jumanne! Siku ya kazi!

Nikamwambia Babu Swichi kwamba ni bahati. Babu Swichi akasema bahati ya namna hiyo anaitaka kila siku.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Kosa. Mke wangu ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi, na mwalimu hata akiwa jikoni yuko darasani. Akachukua uma. Akauweka mbele ya taa yetu ya mezani, ile yenye kioo kikubwa cha duara, na ukutani uma ukageuka kijiko. Kisha akazima, akawasha tochi ya simu yake, na meno yote manne ya uma yakasimama ukutani. Akasema taa pana ni kama taa ndogo nyingi zilizokaa bega kwa bega. Kila moja inatupa kivuli chake, kimoja kushoto kidogo, kingine kulia kidogo, na pale vinapopishana ndipo ukungu unapoingia. Taa ikiwa ndogo, kivuli ni kimoja na ukingo wake ni mmoja. Akasema pia kwamba uma ukiukaribia ukuta kingo za kivuli chake zinanyooka, na ukiikaribia taa kivuli kinatanuka na kufifia. Akanionyesha mara tatu.

Nikamwambia kwamba ukumbi si darasa na mfalme si uma.

Nimelitafakari jambo lenyewe kwa utulivu. Nimepata jibu. Taa yangu haikuwa kubwa ya kutosha.

Alhamisi, 6 Machi

Taa kubwa zaidi hatuna. Kwa hiyo leo nilifunga mbili.

Mfalme alitokea na vichwa viwili. Nilibaki na utulivu. Nilimweleza Mwongozaji kwamba yeye aliomba ncha saba, mimi nimempa kumi na nne, na kwamba mwenye kuzidisha hakosei kama mwenye kupunguza. Mwongozaji akanijibu kwamba mchezo ni wa mfalme mmoja, na kwamba ningekuwa mkunga angeniogopa sana.

Waigizaji walicheka. Kinyozi alicheka hadi taji likaanguka. Fundi Saa hakucheka. Alinifuata nyuma ya jukwaa, akaniambia kwa sauti yake ile ya chini kwamba ana balbu nyingine ndogo, pacha wa ile, na kama nitapenda anaweza kuniazima.

Kuniazima! Mimi! Katika ukumbi wangu! Angecheka ningemsamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Roho inaniuma, naandika ili isinipasuke.

Mke wangu ana saa ya mkononi aliyopewa na mama yake. Ilisimama miaka miwili iliyopita. Niliahidi kuipeleka kwa fundi, na ahadi ipo, sijaifuta. Leo alipotoka shule akapitia ukumbini kuniletea chakula nilichokisahau. Nilikuwa juu ya ngazi. Nikamwona akisimama ukumbini na Fundi Saa. Nikaona anavua saa. Fundi Saa akatoa mfukoni kitu kama sindano, akafungua mgongo wa saa, akapuliza, akagusa mara mbili, akafunga. Inatembea.

Hayo ningeyavumilia. Lakini hawakuachana. Walisimama kuongea. Nilishuka vidato viwili ili nisikie. Walikuwa wakizungumza kuhusu mwewe! Mke wangu alikuwa akiuliza kwa nini mwewe akiwa juu angani hatupi kivuli ardhini, na akitua kwenye ua kivuli chake kinaonyesha hadi kucha. Fundi Saa akasema ni kwa sababu jua nalo si nukta bali ni sahani, na mwewe wa juu yuko mbali mno na ardhi, kwa hiyo kivuli chake kinatawanyika hadi kwisha. Mke wangu akasema hajawahi kupata mtu mzima wa kumjibu swali hilo. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Mimi alinionyesha uma mara tatu na macho hayakung'aa hata mara moja.

Dakika tisa. Nilihesabu kwa saa ya ukutani.

Sasa tuko mezani na saa ile iko mkononi mwake, tik tik tik, inanicheka. Nimeuliza kama wali umeiva. Amejibu kwamba tayari, na kwamba sasa anaweza kuniambia hata umeiva saa ngapi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechukua hatua.

Fundi Saa amepewa pia ile taa ya kumfuata binti mfalme anapotembea jukwaani, inayomtengenezea duara la mwanga. Ina lenzi mbele, kioo kizito, na duara lake huwa na ukingo mkali kama wa sahani. Alfajiri, kabla hajafika mtu, nilipaka lenzi ile mafuta ya mgando. Kiasi tu. Nia yangu ilikuwa njema, kwa upande wangu.

Mazoezi yakaanza. Binti mfalme akaingia, taa ikawaka, na duara likatokea bila ukingo. Mwanga ulikuwa umejaa katikati na kupungua polepole pembeni hadi kupotea gizani. Nilifumba macho nikasubiri Mwongozaji afoke.

Mwongozaji akasimama kitini. Kisha akasema kwamba kwa wiki tatu alikuwa anatafuta namna ya kumfanya yule binti aonekane kama mtu anayekumbukwa badala ya mtu anayeonekana, na leo ameipata. Akauliza ni kazi ya nani.

Kila mtu akamtazama Fundi Saa. Mimi nilitazama kiatu changu. Na yule mtu, badala ya kupokea sifa kama binadamu, akagusa lenzi, akanusa kidole, akasema wazi mbele ya watu kwamba kuna mtu amepaka mafuta, si yeye, na hastahili sifa. Akaifuta lenzi, akaisogeza mbele kidogo ndani ya bomba lake, na ukingo ukalainika vilevile bila mafuta, bila harufu ya kuungua. Sasa anasifiwa kwa ufundi na kwa uaminifu. Mawili kwa siku moja!

Ningesema ni mimi niliyepaka, sifa zingekuwa zangu. Nimegundua hilo saa nane mchana, wakati wote wamekwisha kwenda kula.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amekuja kututembelea. Ameuliza kuhusu ufunguo. Nilimwambia kwa simu Jumatatu kwamba ni wangu tayari, kilichobaki ni sherehe. Mama mkwe ana kumbukumbu ya benki. Ameuliza kama siku ya onyesho nitapanda jukwaani kuupokea. Nimesema bila shaka. Amesema basi atakuja kuona kwa macho yake, kwa sababu tangu nimwoe binti yake amesikia mengi kwa masikio.

Wamepata tiketi za safu ya tatu, yeye na mke wangu. Nimewapatia mwenyewe. 

Nikiukosa ufunguo huu sijui nitauweka wapi uso wangu. Wengine wana nyumba, wana vyeo. Mimi nina miaka tisa ya nyaya. Mke wangu alinioa mimi nikiwa nabeba nyaya (naam, yeye ndiye aliyenioa, kila mtu anajua hivyo) na alisema siku moja nitawasha taa mwenyewe. Hajawahi kunikumbusha. Ndiyo maana nakumbuka.

Jumanne, 11 Machi

Nimeijua siri yake!

Wakati wa mapumziko niliingia nyuma ya shuka. Mbele ya balbu yake amesimamisha kipande cha bati chenye tundu moja dogo, la kupita penseli. Mwanga wote unapitia hapo. Kumbe si ufundi, ni bati!

Nilikwenda kwa mfua bati mchana huohuo. Sikutaka kuiga kama kasuku. Mwenye akili akiiga huongeza. Kama tundu moja linatoa kivuli kizuri, basi matundu kumi na matano yatatoa kivuli kizuri mara kumi na tano. Nilitoboa kumi na matano, katika safu tatu zilizonyooka. Nikaweka bati langu mbele ya taa yangu pana.

Niliomba nafasi ya mwisho mbele ya wote. Mwongozaji akatazama saa, akakubali. Nikawasha.

Walitokea wafalme kumi na watano. Wamejipanga kama picha ya wanafunzi wa darasa la saba. Kinyozi aliponyanyua mkono, wote wakanyanyua. Waigizaji wakatoka nyuma ya jukwaa kuja kutazama. Nilidhani ni mshangao wa heshima.

Mwongozaji akasema wafalme ni wengi kuliko raia, sasa nani atatawaliwa. Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, kama nyumbani kuna tatizo.

Fundi Saa alikuwa akilitazama bati langu kwa muda mrefu. Akasema kila tundu limekuwa taa inayojitegemea na kila taa imetoa mfalme wake, na kwamba huo ni ushahidi mzuri sana. Aliniomba bati langu akamwonyeshe mke wangu kwa ajili ya wanafunzi. Nimemnyima. Nimelificha chini ya kitanda.

Alhamisi, 13 Machi

Babu Swichi amepanga watu wa kesho. Fundi Saa atakaa chumba cha taa, kule nyuma ya ukumbi, na swichi zote mkononi. Mimi nitakuwa nyuma ya jukwaa, kwenye kamba za pazia. Kamba! Hata umeme hazina.

Babu Swichi ameniwekea mkono begani. Amesema ufunguo bado haujatoka kiunoni mwake, na mtu hupimwa siku ya kazi. Nimeelewa. Maana yake, Fundi Saa akivurunda kesho mbele ya watu, ufunguo ni wangu.

Basi na avurunde. Mpango ni huu. Baada ya sehemu ya kwanza kuna giza, wakati pazia la mbele limeshuka. Balbu yake iko nyuma kule ukutani, peke yake, haina mlinzi. Nitanyata na bisibisi, nitalipanua lile tundu la bati liwe pana kama sahani. Mfalme akitokea sehemu ya pili, kabichi! Mbele ya watu mia mbili!

Mke wangu ameniona nanoa bisibisi. Ameuliza bisibisi hunolewa tangu lini. Kisha akataja methali ya mchimba kisima, kwamba huingia mwenyewe. Sijaona inahusiana vipi. Hapa petu maji ni ya bomba.

Ijumaa, 14 Machi

Ni lazima niandike yote, tena kwa mpangilio, ili siku moja watu wajue ukweli.

Saa kumi alasiri. Ukumbi umejaa. Madirisha yamefunikwa vitambaa vyeusi, ndani giza totoro. Mke wangu na mama mkwe safu ya tatu. Mimi kwenye kamba, mkanda wangu wa ngozi umening'inia nje ya shati, wazi, ukisubiri mzigo wake.

Sehemu ya kwanza ikaenda vizuri, kwa bahati mbaya. Pazia nikalishusha. Nikanyata kwa kupapasa hadi ukutani, nikalipata bati, nikapiga magoti, nikachomeka bisibisi kwenye tundu. Nikazungusha mara moja.

Hapo nikasikia pazia la mbele linapanda. Kumbe Mwongozaji alikuwa amebadilisha mpangilio jana na kufupisha giza, na kinyozi mwenyewe alikuwa amevuta kamba aliponikosa. Na Fundi Saa, kule nyuma, akawasha.

Mwanga ukanipiga usoni. Nikageuka. Mbele yangu, shuka lote lilikuwa jeusi. Nilikuwa mimi! Nilikuwa nimepiga magoti karibu kabisa na taa, na kivuli changu kilikuwa kimelijaza shuka zima kama wingu la mvua, kingo zake zimefifia, hakina kichwa wala mguu. Watu walinong'ona. Baadaye mama mkwe aliniambia kwamba hata hakujua ni mtu. Alidhani ni balaa linaloujia mji.

Hapo ningebaki pale pale nilipokuwa, hakuna aliyezaliwa na mwanamke ambaye angenijua.

Lakini nilifikiri haraka, kama kawaida yangu. Nilijiambia taa ndiyo inayonionyesha, basi niikimbie taa. Na mbele yangu kulikuwa na shuka, kitambaa kikubwa, na kitambaa ni cha kujifichia. Nikaanza kukiendea. Hatua moja, wingu likapungua. Hatua ya pili, ya tatu, likapata mabega. Hatua ya sita likapata shingo. Nikaongeza mwendo. Hatua ya kumi likapata pua, na pua yangu inajulikana. Nilipofika nikajibandika kwenye shuka kama stempu, nikafumba macho, nikabana pumzi. Nikajua nimeokoka.

 Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, safu ya tatu, ikisema polepole kwamba huyo ni mkwewe.

Mke wangu ameniambia yote yalionekana. Masikio yote mawili. Kifungo cha shati kilicholegea, alichokwisha niambia nikishone. Bisibisi mkononi, hadi ncha yake. Na mkanda kiunoni, mtupu. Amesema angeweza kuhesabu kope.

Kinyozi aliniokoa, au aliniua, sijaamua. Katika mchezo kuna msaliti anayetajwa tu, haonekani. Kinyozi akaingia nyuma ya shuka kutoka ukingo wa pili, kivuli chake na taji lake la ncha saba, akaninyooshea kidole, akanguruma kwamba msaliti amepatikana, ana chuma mkononi, na amejileta mwenyewe hadi kwenye mwanga. Watu wakasimama. Wakapiga makofi. Wakapiga miguu! Nami nikakimbia nje upande wa kushoto, kivuli kikinifuata kwa uaminifu wote.

Mwisho wa onyesho Babu Swichi akapanda jukwaani. Akauvua ufunguo. Akampa Fundi Saa.

Nilisimama nyuma ya pazia nikishika kamba. Niliona wivu hadi meno yakaniuma. Baadaye nilikwenda bafuni nikalia kidogo. Kwa hasira, naandika hivyo ijulikane.

Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alishona kile kifungo. Alipokata uzi kwa meno akaniuliza kama nilikwenda kulipanua tundu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu ya mwewe. Akacheka, kisha akafuta macho. Akasema kwamba miaka tisa ananisubiri mimi nimuulize swali lolote kuhusu kazi yake, lolote, hata la kijinga, na yule mtu alichofanya ni kumjibu moja.

Nilijiahidi kwamba nitamuuliza moja. 

Alasiri Fundi Saa alibisha hodi. Nilimwona dirishani, nikafikiri kuingia chini ya kitanda, lakini bati liko huko. Akakataa chai. Akatoa mfukoni ufunguo mpya, amechonga mwenyewe kwa mkono. Akasema ukumbi una nyaya mia na kitu, na ni mimi peke yangu ninayejua upi unakwenda wapi, na bila mimi hawezi kuwasha hata taa ya choo. Akasema amekwisha zungumza na Babu Swichi na Babu amekubali tuwe wawili. Kisha akasema, akitazama chini, kwamba siku za mwanzo alikuwa ananionea wivu, kwa jinsi nilivyokuwa napanda ngazi ile inayoyumba bila kutazama chini. Yeye anaogopa urefu.

Nimeufunga ufunguo kwenye mkanda. Unalia ninapotembea. Nimetembea jikoni hadi sebuleni mara kumi na moja.

Jumatatu, 17 Machi

Nimechunguza ule ufunguo. Wake ni wa zamani, umeng'arishwa na kiuno cha Babu Swichi miaka ishirini na mitatu. Wangu ni mpya. Mtu yeyote akituona pamoja atajua upi ni wa asili na upi ni wa akiba. Ujanja mtupu! Lakini nimemsamehe, kwa sababu sasa nina jambo kubwa zaidi.

Mimi ni mwigizaji. Mwongozaji amesema watu wamekuwa wakimsimamisha njiani kumuuliza habari za yule msaliti, na kuanzia Jumamosi nitatokea katika kila onyesho. Wingu kwanza, kisha nisogee taratibu hadi kwenye shuka, hivyo hivyo kama Ijumaa, bila kubadilisha chochote. Amerudia mara mbili: bila kubadilisha chochote.

Tumefanya mazoezi leo. Ni hapo nilipogundua dhuluma. Makofi ya mwisho yanakwenda kwa kinyozi! Kinyozi! Mtu wa mkasi na unga wa talki! Anasimama pale na ncha zake saba akijipinda kama bwana harusi, na mimi, niliyeshangiliwa kwa miguu, nimebandikwa pembeni, nimelingana naye kimo.

Jioni mke wangu amenikuta nikiwaza. Nikamuuliza swali kuhusu kazi yake, kama nilivyojiahidi. Nilimuuliza mtu afanye nini ili kivuli chake kiwe kikubwa kuliko cha mfalme. Macho yake yaling'aa! Akasema ni rahisi, asogee kwenye taa. Akaendelea kueleza jambo lingine, akaleta na uma, akawasha tochi ya simu, lakini mimi nilikuwa nimekwisha pata nilichokitaka. Nikauchukua uma nikala.

Jumamosi mama mkwe anakuja tena, safu ya kwanza safari hii. Amesema anataka kuniona vizuri. Ataniona. Sitoki kwenye taa ng'o. Nitasimama nayo pua kwa pua mwanzo hadi mwisho, nilijaze shuka lote, na kila mtu ukumbini atazihesabu kope zangu, zikiwa ndefu kama fito.